Moshi wa Kamachumu kwenye Klabu ya Gofu

Bellevue, Johannesburg
16 Februari 2025

Dada Hedwiga,

Shikamoo. Natumaini magoti yamekupa likizo kidogo, na lile sikio la kushoto bado linasikia angalau kengele ya kanisa. Huku tu wazima. Wifi yako Dikeledi anakusalimu na anasema vitenge vilifika salama. Mimi sijambo, ila tumbo limenitangulia. Nikiingia mlangoni linafika kwanza, mimi nafuata.

Uliniambia nisipige tena simu kwa sababu ni kupigiana kelele tu, majirani wa kwako na wa kwangu wote wanajua habari zetu. Basi naandika kwa mkono, napiga picha kurasa na kukutumia kama ulivyoagiza. Usinisahihishe kwa wino mwekundu, mwalimu. Nina miaka hamsini na minne.

Habari kubwa ni kwamba nimeacha ulinzi wa lile duka la jumla mjini. Sasa natunza jumba la klabu ya gofu iliyofungwa, inaitwa Kareehof, mashariki ya mji. Siku za kazi nalala huko kwenye chumba cha nyuma, mwisho wa wiki narudi Bellevue kwa mke wangu. Gofu unaijua: mtu mzima anapiga kijipira kwa fimbo, anakifuata kwa miguu, na akikipata anakipiga tena kiende mbali. Uwanja wote umeuzwa kwa kampuni inayotaka kujenga maghorofa. Nyasi zimefika kiunoni, na pale walipokuwa wakiinama kupima shimo sasa wanatembea kanga na vifaranga vyao.

Lakini jumba, dada. Kuna mama mstaafu, Mama Hester, aliyekuwa akichora ramani za majengo. Anakuja kila wiki na futi yake kulipima, nami namshikia ncha ya pili. Ndiye anayenisimulia. Mwanzoni palikuwa na kibanda cha bati tu, cha wahandisi wa migodi, na walicheza juu ya mchanga uliomwagiwa mafuta kwa sababu majani yalikataa kuota. Walipotajirika, mwaka 1911, wakajenga hili: kuta nyeupe za mbele zilizopindwa huko juu kama mgongo wa ngamia, kwa kuiga nyumba za kale za Wazungu wa Rasi, huko kusini mwa nchi, na baraza ndefu inayotazama shimo la mwisho, ili waliokwisha kumaliza wakae na glasi zao wawacheke wanaomalizia. Ndani ni ukumbi mmoja mrefu wenye majina ya manahodha wa klabu kwa maandishi ya dhahabu, na meko ya mawe ambamo ungeweza kumbanika ng'ombe mzima. Wanawake walikuwa na mlango wao wa ubavuni. Na nyuma kabisa, kwenye ukuta wa jikoni, kuna kidirisha cha mbao. Hapo ndipo kedi, vijana weusi waliowabebea wazungu mifuko ya fimbo, walipopewa chai na mkate. Hawakuvuka hapo.

Nilimpeleka Dikeledi aone. Akasimama mbele ya kidirisha. Baba yake, marehemu Ntate Molefe, alibeba mifuko palepale kabla hajakimbilia uhamishoni na kufika Morogoro, huko kwetu Tanzania. "Baba alisema chai ilikuwa nzuri," akaniambia. "Alisema pia kwamba hakuwahi kuona upande wa pili wa ukuta huu. Liache lianguke, Wili."

Sasa mimi nifanyeje, na paa lenyewe ni la nyasi? Siku ya kwanza niliingia ukumbini nikatazama juu, nikaona fito na kamba na kichwa cha nyasi kilivyofungwa, nikasimama mdomo wazi kama mjinga aliyeona ndege. Ilikuwa kama kusimama ndani ya msonge wa Baba, ila msonge uliovaa tai.

Sheria ya hapa inasema nyumba iliyozidi miaka sitini haibomolewi bila kibali cha baraza la majengo ya kale. Baraza litakaa tarehe 28 Agosti. Mama Hester anasema kila kitu kinategemea paa. Likiwa zima, jumba litalindwa na mimi nitabaki na kazi. Likiwa limeoza, kampuni itapewa kibali na mimi nitarudi kuwapekua watu mifuko mlangoni mwa duka. Na limeanza kuoza, dada. Mvua za msimu huu zimeingia, kuna kuvu, na wadudu wanatafuna. Ukikaa kimya unawasikia. Wewe ulikuwa ukimshikia Baba ngazi. Alikuwa akifanya nini nyasi zikianza kunuka?

Mdogo wako,
Wilbroad


Kamachumu
2 Machi 2025

Mdogo wangu Wilbroad,

Marahaba. Magoti hayakupata likizo, yalipata uhamisho. Sasa maumivu yamehamia kiunoni. Mengine namshukuru Mungu. Kahawa imechanua. Mvua hainyamazi tangu Krismasi, hata nguo za kanisani nazikaushia juu ya jiko, nikifika misani nanukia kama samaki. Msalimu wifi yangu. Mwambie namwelewa. Ningekuwa yeye, na mimi ningesema lianguke.

Nimecheka peke yangu mpaka jirani amekuja kuniangalia. Mwana wa Mzee Laurenti, mwezekaji aliyeitwa mpaka Kanyigo, amekwenda kwa ndege mpaka Afrika Kusini ili achunge paa la nyasi la wazungu, na hajui la kufanya. Ulikuwa wapi Baba alipokuwa akitufundisha? Nakumbuka. Ulikuwa juu ya mparachichi.

Sikiliza. Nyumba ya nyasi haitibiwi kwa dawa. Inatibiwa kwa moshi. Kwa nini unadhani mama alikatazwa kuacha moto uzimike, hata siku za joto? Si kwa ajili ya ndizi tu. Moshi ulikuwa ukipanda kwenye nyasi, unazikausha kwa ndani, unawaua wadudu, na masizi yanazipaka kama mafuta. Tulipomhamishia mama kwenye nyumba ya bati, msonge ukabaki bila moto. Uliona mwenyewe ulipokuja kwenye mazishi yake: paa lilikuwa limekaa chini kama kuku anayeatamia.

Una meko kubwa ya mawe hapo, umesema mwenyewe. Washa. Moto mdogo, kuni mbichimbichi zitoe moshi mwingi, kila siku. Na hilo bomba la moshi lizibe, usiuache utoroke nje. Wazungu hujenga moto halafu wakaufukuza moshi, ndiyo maana nyumba zao zinawaomba madawa.

Nimehesabu kama mwalimu: katikati ya barua umeniita "dada" mara mbili. Nimefurahi.

Dada yako,
Hedwiga


Kareehof
20 Aprili 2025, Pasaka

Dada Hedwiga,

Shikamoo, na heri ya Pasaka. Kiuno kinaendeleaje? Dikeledi amekutafutia dawa ya kuchua kwa Wakongo wa mtaa wetu; chupa ina picha ya simba, kwa hiyo ama utapona au utanguruma.

Nilifanya kama ulivyosema. Nilipanda juu (tumbo lilikataa, tukapatana), nikafunika mdomo wa dohani kwa kipande cha bati na mawe mawili. Kisha nikawasha moto mdogo kwenye meko ya manahodha. Moshi ukazunguka kwanza kama mgeni asiyejua pa kukaa, halafu ukapanda. Siku ya tatu wadudu walianza kudondoka sakafuni kama mchele. Ile harufu ya kuoza imekwisha. Mama Hester alikuja na kijiti chake cha kudungia, akadunga nyasi hapa na pale, akaniambia zimekaza. Akauliza nimefanya nini. Nikamwambia ni dawa ya dada yangu. Akaona bati juu ya dohani, akakunja uso kidogo, akasema niwe mwangalifu. Nikamwambia sisi tumezaliwa ndani ya moshi.

Asiyependezwa ni Ruphin. Huyu ni mlinzi wa getini, Mkongo wa Uvira, mtu mwembamba mwenye heshima sana na maneno makali sana. Jana kaja na kikombe chake cha chai, akasimama mlangoni, hataki kuingia.

"Papa Wili, nyumba ya majani, unatia moto ndani. Ile ni akili gani?"

"Akili ya kwetu."

"Kwenu kuna mvua?"

"Kila siku."

"Na huku, mvua inarudi mwezi gani?"

Nikamwambia mwezi wa kumi. Akanywa chai yake. "Sawa, Papa," akasema. "Mimi niko getini. Geti ni ya chuma."

Lakini ningependa uone jioni inavyokuwa, dada. Nakaa kwenye kiti cha ngozi kilichotoboka, miguu kwenye meko, majina ya dhahabu ukutani yameanza kuwa kahawia kwa moshi. Harufu ni ileile. Naweza kufumba macho na kumsikia Baba akikohoa. Nikirudi Bellevue Dikeledi ananiambia nivue nguo zote koridoni. Anasema nanuka kama bibi yangu. Nikamwambia hiyo ni sifa. Bado hataki kusikia habari za jumba. Ananiuliza tu kila Jumamosi, "Bado limesimama?" nami najibu limesimama, naye anasema, "Eish," kama mtu aliyepewa matokeo mabaya ya mpira.

Mdogo wako,
Wilbroad


Kamachumu
11 Mei 2025

Mdogo wangu,

Marahaba. Dawa ya simba imefika, nimepona upande mmoja. Mvua bado ipo.

Barua yako nimemsomea padri. Amesema atakutaja kwenye mahubiri, nikamkataza, utavimba kichwa na kichwa chako hakina nafasi. Lakini nakuambia mimi: Baba angefurahi. Endelea hivyohivyo. Usisikilize watu wa getini. Msalimu sana wifi, mwambie mtu anaweza kuichukia nyumba na akaionea huruma siku hiyohiyo. Mimi niliuchukia ule msonge miaka yangu yote, macho yaliniwasha, na ulipoanguka nililia kama mtoto.

Usiache moto uzimike.

Dada yako,
Hedwiga


Kareehof
29 Juni 2025

Dada Hedwiga,

Shikamoo. Natumaini u mzima, maana mimi nimekosa raha na ninakuandikia haraka.

Sijui kama niliwahi kukueleza baridi ya huku. Si baridi ya Kamachumu yenye unyevu, ya kuvaa sweta na kupata mafua. Hii ni kavu. Tangu mwezi wa nne halijadondoka tone. Midomo inapasuka, ukigusa kitasa cha mlango cheche inakurukia kidoleni. Nyasi za uwanjani zimekuwa nyeupe kama karatasi, na kila alasiri kuna moshi mahali fulani upande wa kusini ambako nyika inaungua yenyewe. Juzi nilipanda ngazi kushika paa kwa ndani. Halikuwa gumu kama la Baba. Lilivunjika vidoleni kama biskuti.

Lakini hilo silo lililoniondolea raha. Meneja wa kampuni alikuja wiki iliyopita. Huwa haji. Kijana mzuri, anatabasamu muda wote, ananiita Willy. Aliona moshi unatoka kwenye nyasi, nikajua leo nafukuzwa. Wala. Akaingia ukumbini, akatazama moto, akasema, "Baridi kweli, Willy, jipashe." Akapiga picha mbili tatu kwa simu. Nyingine akaniomba nisimame karibu na meko, na mimi mjinga nikavuta shati lifunike tumbo nikacheka. Keshoye lori dogo likaleta kuni. Kuni nyingi, dada, kavu kabisa, zimerundikwa ukumbini, si nje, kwenye ukuta chini ya nyasi. Nikasema moyoni, kumbe wapo waajiri wenye utu. Nilikuwa nimeanza hata kukuandikia barua ya kujisifu.

Siku iliyofuata wakaja wengine wawili, wakachukua mitungi yote ya kuzimia moto. Wamesema inakwenda kukaguliwa. Wakafunga na lile bomba la zimamoto la uani, wamesema linavuja. Mlango wa jikoni wakautia kufuli jipya, ufunguo wakaondoka nao.

Nilimweleza Ruphin nikitarajia atanipongeza kwa kuni. Akaweka kikombe chini.

"Papa Wili. Patroni gani analetea santineli wake kuni?" Mwajiri na mlinzi, kwa Kifaransa chake.

"Mwenye huruma."

"Mimi niko hapa getini mwaka wa tatu. Nimeomba hita. Nimeomba blangeti. Wameniletea nini?"

Nikaanza kumtetea meneja, akanikata.

"Hawa hawawezi kubomoa, sheria inakataza. Lakini nyumba ikiungua yenyewe, nani atamkataza moto? Na wakiulizwa nani alikuwa na moto ndani, watatoa picha. Mgeni, Mtanzania, anacheka mbele ya jiko." Akaokota kikombe. "Wewe ndio kiberiti yao, Papa. Hata hawakukununua. Ulikuja mwenyewe."

Nilikaa nikatazama lile rundo la kuni, nikajiona mjinga wa kimataifa. Sasa wameniambia nimefanya kazi vizuri, nichukue likizo kuanzia Ijumaa mpaka Jumatatu. Likizo, mimi, niliyeiomba Krismasi nikanyimwa. Nikikataa, nimekataa amri ya mwajiri. Nikienda, na lolote likitokea, moto ni wangu. Dikeledi anasema rudi nyumbani na usitazame nyuma, jumba lenyewe halikuwahi kututaka. Mama Hester nimempigia, anasema ataandika barua kwa baraza, lakini barua hufika lini?

Niambie, dada. Nikiuzima moto sasa, paa litakuwaje?

Mdogo wako,
Wilbroad


Kamachumu
30 Juni 2025

Wilbroad,

Zima. Zima leo. Achana na paa. Mwaga maji mpaka jivu liwe uji, na huyo Mkongo awepo aone. Ondoa bati kwenye dohani. Kuni zitoe nje. Halafu nenda kwa mke wako.

Nijibu ukishazima.

Dada yako


Kamachumu
19 Julai 2025

Mdogo wangu Wilbroad,

Hujambo? Nakuuliza kweli, si kwa kuanzia barua. Wiki zinapita. Nimempa mtoto wa jirani simu akupigie, anasema inaita haipokelewi. Namba ya wifi haipatikani. Nimempigia hata yule wa kanisani kwenu uliyenipa namba yake mwaka juzi, tukapigiana kelele, nikasikia maneno mawili tu: "moto" na "mkono".

Mkono wa nani?

Kama umenikasirikia, nikasirikie kwa maandishi.

Dada yako,
Hedwiga


Bellevue
3 Agosti 2025

Dada Hedwiga,

Shikamoo. Nisamehe kwa ukimya na kwa mwandiko. Mkono wa kulia bado umefungwa, naandika kwa wa kushoto, na herufi zinatembea kama walevi wa Ijumaa. Simu yangu iliungua, ya Dikeledi ilianguka ndani ya ndoo, utaelewa. Mimi ni mzima. Nimetoka hospitali wiki jana. Nyusi zimeanza kurudi, Dikeledi anasema afadhali zisirudi zote.

Nakueleza kwa mpangilio.

Jumatatu ileile ya barua yako niliuzima. Ruphin alisimama kama shahidi wa ndoa. Tulimwaga maji, tukachota jivu, tukalimwagia tena maji huko nje. Nikatoa bati kwenye dohani. Kuni tukaanza kuzitoa, meneja akapiga simu, sijui nani alimwambia, akasema ni mali ya kampuni, ziachwe zilipo. Tukaziacha. Ijumaa nikaenda likizo. Amri ni amri, na mimi si shujaa, unanijua.

Jumamosi mchana tulikuwa mezani, Ruphin akapiga. "Papa, nyumba inatoa moshi. Haina mtu ndani na inatoa moshi." Nikachukua panga la kufyekea. Dikeledi akavaa viatu. Nikamwambia, wewe si ulisema lianguke? Akasema, "Nilisema lianguke. Sikusema likuangukie."

Tulipofika, paa la ukumbi lilikuwa linafuka kote, bado halijatoa ndimi, kama sufuria inayokaribia kuchemka. Zimamoto walikuwa wameitwa. Bomba la uani halikuwa na hata tone. Maji yalikuwa jikoni tu, kwenye bomba la sinki, na mlango wa jikoni una kufuli. Mimi nikabaki nalitikisa kufuli kama mwehu. Nilipogeuka, nikaona miguu ya Dikeledi inaishia ndani ya kile kidirisha. Mwanamke wa miaka hamsini na moja, dada. Alijipenyeza kwenye kidirisha cha kedi, akaangukia ndani, nikasikia masufuria, kisha sauti yake: "Leteni ndoo."

Ruphin akapata ndoo, majirani wakaleta nyingine. Zinaingia tupu, zinatoka zimejaa, kidirisha kilekile. Mimi nikapanda juu. Nilikumbuka jambo moja tu la Baba, nadhani nililiona kutoka kwenye ule mparachichi wangu: msonge wa jirani ulipowaka hakumwaga maji kwenye moto. Aliukatia njia. Alichana nyasi mstari mzima mbele ya moto, mpaka fito zikabaki uchi, moto ukafika pale ukakosa njia. Basi nikakata, pale ukumbi unapokutana na upande wa nyuma. Mama mmoja wa nyumba za jirani akaniona na panga akapiga kelele kwamba mgeni anabomoa. Ruphin akamwambia, "Anabomoa ili ibaki, mama. Mpe maji." Alipeleka maji. Moto ulipowaka kwelikweli, mkono ndio uliokuwa karibu.

Ukumbi umekwisha. Baraza ile ndefu, manahodha, dhahabu, vyote. Zile kuta nyeupe zimesimama zenyewe na anga katikati. Lakini upande wa nyuma umebaki, dada: mlango wa wanawake, jikoni, na kidirisha. Dikeledi alitoka kupitia hapohapo, mweusi kwa masizi, akakaa chini uani walipokuwa wakikaa kedi. Akasema, "Nimeona upande wa pili. Ni jikoni tu." Ndipo akalia.

Polisi walinihoji hospitali. Meneja alikuwa amekwisha kuwapa picha. Afisa akaniuliza, je, uliwasha moto ndani ya jumba hili? Nikasema ndiyo. Mara ngapi? Kila siku niliyokuwa kazini tangu Machi, mpaka Jumatatu. Na Jumamosi? Sikuwepo. Ruphin amesema Jumamosi asubuhi gari la kampuni liliingia, watu wawili, wamesema wanasoma mita. Kampuni inasema halikuingia gari, na kwamba Ruphin ni rafiki yangu, na mgeni vilevile. Kazi nimepoteza, hilo halina mjadala. Faili limefunguliwa. Wanaweza kunishtaki, na wakinishtaki naweza kurudishwa huko kwa njia ambayo sikuipanga.

Baraza bado linakaa tarehe 28. Kampuni inasema hakuna tena cha kulinda. Mama Hester anasema kipo, na Dikeledi, amini usiamini, ameomba kusema mbele ya baraza kuhusu kidirisha. Anasema hicho hawakibomoi. Na mimi nimeitwa nieleze moto.

Kwa hiyo nina swali moja, na nijibu ukweli, usinionee huruma. Usiku silali kwa ajili yake. Ruphin ana hakika ni wale wa mita. Mimi sina. Zile nyasi zilikunywa moshi wangu miezi mitatu. Je, Baba aliwahi kusema kaa la moto linaweza kulala ndani ya nyasi? Tangu Jumatatu mpaka Jumamosi, linaweza?

Mdogo wako,
Wilbroad


Kamachumu
10 Agosti 2025

Mdogo wangu Wilbroad,

Marahaba. Namshukuru Mungu kwa mkono mmoja uliobaki na kwa nusu ya nyusi. Mwambie wifi yangu kwamba kuanzia leo akija Kamachumu haingii jikoni kwangu, anakaa sebuleni anahudumiwa, na mimi ndiye nitakayekuwa nikipita na sinia.

Umeniuliza, nami nakujibu. Hapa kwetu, hapana. Kaa likirukia nyasi linakufa kabla hujamaliza kuliona, maana nyasi zimejaa maji. Kwa nyasi zako za biskuti, sijui. Sijapata kuziona. Baba hakupata kuziona. Uliandika mwezi wa sita kwamba halijadondoka tone tangu Aprili, nikausoma mstari ule mara nyingi sana, huku bati juu ya kichwa changu linapigwa na mvua. Nilikuambia uwashe kana kwamba mvua inanyesha kila mahali. Yule wa Uvira aliuliza swali ambalo mwalimu mzima sikuliuliza.

Kwa hiyo sijui ni nani, na wewe hujui, na huenda tusijue. Usiseme mbele ya baraza kwamba si wewe. Usiseme kwamba ni wewe. Sema ulichofanya, kama ulivyomwambia afisa. Na hii hapa chini ni yangu. Nimeiandika vizuri, haina kosa hata moja. Wifi aiweke kwa Kiingereza na aisome kwa sauti.

*Kwa baraza la majengo ya kale.*

*Mimi ni Hedwiga, binti wa Laurenti, mwezekaji wa nyasi wa Kamachumu, mkoa wa Kagera, Tanzania. Mwezi wa pili mwaka huu ndugu yangu aliniuliza namna ya kuponya paa lenu lililokuwa likioza. Mimi ndiye niliyemwambia awashe moto, azibe bomba la moshi, na asiuache uzimike. Aliniamini kwa sababu mimi ni mkubwa wake. Nilikosea nchi. Tarehe 30 Juni nilimwambia azime, naye alizima. Kuni kavu zilizoletwa ukumbini siku chache kabla ya hapo sikuziagiza mimi, wala yeye. Waulizeni walioziagiza walitaka kupika nini.*

*Mkiandika majina ya waliowasha moto katika nyumba ile, andikeni na langu. Kwenye simu sisikii vizuri, lakini nasoma. Naishi nyumba ya tatu baada ya kanisa. Mlango haufungwi.*

Hiyo ndiyo yote. Kaa karibu na mkeo siku hiyo, vaa sweta, na usicheke ukipigwa picha.

Dada yako,
Hedwiga